Kwetu, au Kwa Bibi Yangu

Jumapili, 12 Januari 2025

Naomba radhi. Tangu Agosti sijaandika hata mstari mmoja — mimi niliyewaambia wanafunzi kwamba shajara ni kama meno, usipoyasafisha kila siku yanaoza. Sina udhuru. Magoti yalikuwa yakiniuma, lakini hakuna mtu anayeandika kwa magoti.

Nimerudi kwa sababu nina habari ambayo nisipoiandika itanipasua. Thea anataka kuja Pittsburgh! Si kutembea. Kufanya kazi!

Alipiga simu nimetoka kanisani tu, kofia ingali kichwani. Mjukuu wangu wa pekee, mtoto wa mwanangu Myron, kazaliwa Phoenix, kakulia Phoenix, mahali ambapo watu hupika yai juu ya gari. Sasa yuko mwaka wa kwanza wa chuo cha sheria hukohuko. Anaomba nafasi ya kiangazi katika kampuni ya mawakili ya Haverstock na Pell, hapa mjini. Wakimpenda kiangazi hiki, watamchukua moja kwa moja akimaliza masomo.

Kuna kikwazo. Mawakili wa hapa hawamwamini mtu wa mbali. Wanasema wanamfundisha, wanamlea, kisha kabla hajazoea njia ya kwenda mahakamani ameshakimbilia New York, au amerudi kwao kwenye jua. Kwa hiyo kabla ya alama za mtihani wanauliza: kwenu wapi? Una nani hapa?

“Bibi,” akasema, “mshauri wa chuo kaniambia nionyeshe mizizi. Nimehesabu mizizi yangu yote. Ni wewe.”

Nimeitwa majina mengi na wanafunzi wangu, mengine yameandikwa ukutani. Mzizi, bado.

Nimefurahi kupita kiasi. Nimekula keki kabla ya chakula.

Lakini niandike na hili, maana ukurasa huu haudanganywi. Mwezi wa Novemba nilimwahidi Myron kwamba nitaiuza nyumba na kuhamia kwao baada ya Pasaka. Ngazi za nyumba hii ni nyingi, na mwaka jana niliteleza, nikalala barafuni hadi jirani aliponiona. Myron akaniomba nisimwambie Thea mpaka amalize mitihani ya Mei, asije akakosa utulivu. Nikakubali.

Mzizi wenyewe umekwisha kuahidiwa kung'olewa.


Jumanne, 14 Januari 2025

Thea amenitumia rasimu ya barua yake ya maombi. Sentensi ya kwanza: “Pittsburgh ni kwetu.”

Nikampigia simu papo hapo.

“Kwenu tangu lini?”

“Bibi, nimekuja kila Krismasi.”

“Si kila Krismasi.”

“Karibu kila Krismasi.”

“'Karibu' ni neno la kumkaribisha mgeni, si la kunyooshea uongo. Na wewe hapa ulikuwa mgeni.”

Akacheka. Akasema wenzake wameandika makubwa zaidi. Mmoja anaomba kazi Cleveland kwa sababu aliwahi kukwama uwanja wa ndege wa huko. Nikasema huyo si wakili, huyo ni mtunzi wa hadithi. Tukabishana juu ya neno hilo moja — kwetu — mpaka chai yangu ikapoa. Yeye anasema “kwetu” ni mahali unapohisi. Mimi nasema “kwetu” ni neno lenye mwenyewe: lazima kuwe na “sisi” inayokaa hapo, na “sisi” hiyo lazima iwe na kitanda.

Mwisho akasema, haya, iandike wewe basi. Nikakataa. Barua ni yake. Nikamwambia aandike tu jambo ambalo hata mimi siwezi kulipinga.

Jioni akaleta hii: “Bibi yangu anaishi mtaa wa Greenfield, katika nyumba ambamo baba yangu alizaliwa. Humo ndimo nilimojifunza kusoma.”

Nilitaka kupinga. Kisha nikakumbuka. Kiangazi kile wazazi wake walipokuwa hawasemezani, alikaa nami hapa, ana miaka mitano, na hapakuwa na kitabu cha watoto nyumbani. Nilimfundisha kwa karatasi ya matangazo ya kanisa. Neno la kwanza alilosoma peke yake lilikuwa “mazishi”.

Mimi nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakusahau.

Sikuwa na la kusahihisha. Hata koma.


Alhamisi, 16 Januari 2025

Siku ya kubana pirohi kanisani, zile sambusa zetu za kuchemsha. Wanawake wote mezani, unga mpaka nyusi, viazi na jibini kwenye mabeseni. Dolores Sciulli alikuwepo kama kawaida. Jirani yangu huyu ni Mwitaliano, wala si wa kanisa letu, lakini huja kila wiki kwa sababu umbea wetu ni mzuri kuliko wa kwao. Yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo.

Nilifanya kosa la kutaja habari za Thea. Dolores akaninyang'anya simu, akampigia.

“Wewe mtoto, sikiliza. Ukifika mbele ya hao mawakili usiseme kizungu cha televisheni. Usiseme 'gari linahitaji kuoshwa'. Sema 'gari linahitaji oshwa'. Hapo watajua wewe ni damu ya hapa.”

“Dolores!” nikasema. “Hiyo 'ku' umeipeleka wapi?”

“Mwalimu, 'ku' tuliitupa mtoni enzi za babu zetu, na magari yetu yanaoshwa vilevile.”

Walicheka mpaka unga ukapeperuka. Bi Kovalik akalazimika kukaa chini. Thea naye nikamsikia huko kwenye simu anarudia: linahitaji oshwa, linahitaji oshwa, sahani zinahitaji pangwa. Dolores akaanza kumfundisha na “yinz”, ule wingi wa “wewe” ambao haumo katika sarufi yoyote duniani isipokuwa kwenye vinywa vya watu wa mji huu.

Nikaichukua simu yangu. Nikamwambia mjukuu wangu: kosa ulilozaliwa nalo linasameheka. Kosa la kuazima ni uongo.

Akasema, ndiyo Bibi. Kwa sauti ndogo. Kisha: “Lakini naweza kulitumia nikiwa na wewe tu?”

Hapana, nikasema. Hasa ukiwa na mimi.


Ijumaa, 17 Januari 2025

Barua imekwenda. Theluji tele. Sina zaidi.


Jumatatu, 27 Januari 2025

Wamemwita!! Usaili, ana kwa ana, hapahapa Pittsburgh, wiki ijayo! Alama mbili za mshangao; nilitaka kuifuta moja, nikaona leo ziachwe zote.

Thea alikuwa akipiga kelele, mimi nikipiga kelele, na Dolores akagonga ukuta kuuliza kama nimeanguka. Nikamjibu kupitia ukuta. Naye akapiga kelele.

Atalala kwangu. Nimetoa kuku kwenye barafu, nikamrudisha, nikamtoa tena. Bado siku nyingi! Mwanamke mwenye akili zake!


Jumanne, 28 Januari 2025

Myron amepiga simu akiwa kazini, juu ya paa la mtu, anafunga mtambo wa kupoza hewa. Huko Januari watu wanapozwa.

“Mama, umemwambia Thea habari za nyumba?”

“Uliniomba nisimwambie.”

“Basi usimwambie. Si kabla ya usaili. Atachanganyikiwa.”

“Myron, mtoto anajinadi kwa jina langu. Anasema niko hapa.”

“Si uko hapo? Leo uko hapo.”

Huyo ni mwanangu. Nilimfundisha nyakati zote za vitenzi, naye anazitumia kunikimbia.

Upepo ukavuma kwenye simu. Akasema: “Mimi nakuvuta wewe uje huku, wewe unamvuta yeye aje huko. Mwisho wa yote nitabaki na mbwa.”

Nikasema simvuti mtu. Akajibu: “Jisikilize ulivyo, Mama. Tangu nilipokuja Novemba sijakusikia ukiongea hivi. Unaongea kama umemeza kengele.”

Nikamwambia ashuke paani, asije akaanguka.


Jumatano, 5 Februari 2025

Amefika! Na ameshavunja sheria!

Amekuja na gari la kukodi kutoka uwanja wa ndege, theluji ikishuka. Mtaa wetu mwembamba, magari yamebanana. Nafasi moja tu ilikuwa wazi, imechimbwa vizuri mpaka lami, na katikati yake kiti cha jikoni chenye miguu mitatu. Kila mtu mjini hapa, hata mtoto anayetambaa, anajua maana yake: mwenye kuchimba theluji ndiye mwenye nafasi, na kiti ni muhuri wake. Hakuna sheria iliyoandikwa. Hakuna polisi atakayekusaidia. Kiti hakiguswi.

Thea alidhani kimetupwa. Akakiinua kwa adabu, akakiweka kando pamoja na mapipa ya taka, akaegesha.

Nilikuwa dirishani. Niligonga kioo. Akanipungia mkono!

Mlango wa pili ukafunguka. Dolores, viatu vya ndani, gauni la kulalia, koti la marehemu mumewe.

“Nani kagusa kiti changu? Nani huyo?”

“Samahani, mama, nilidhani kimetupwa.”

“Kimetupwa! Mwalimu, hebu toka umwone wakili wako! Kiti cha marehemu Sal kimetupwa! Nimeinama kwa koleo asubuhi nzima, nina mgongo wa kuazima, anakuja mtoto wa jangwani ananiambia kimetupwa!”

“Kina miguu mitatu,” akasema Thea.

“Na mimi nina meno tisa, nimetupwa?”

Thea akajitetea: hapakuwa na tangazo lolote, wala jina, wala kibao. Mahakamani angeshinda.

“Mahakama ni mimi,” Dolores akasema. “Ondoa gari.”

Akaliondoa. Akalipeleka mpaka chini ya kilima, akapanda kwa miguu na sanduku lake. Kisha — hili sikulitegemea — akaomba koleo. Alichimba mbele ya mlango wangu, mtoto ambaye hajawahi kushika theluji ila ya kuchezea, mpaka mashavu yakawa kama nyanya. Akalirudisha gari. Dolores alimtazama muda wote kupitia pazia. Baadaye akaleta sufuria ya supu, akaiweka mlangoni, akarudi kwake.

Mezani Thea hakula sana.

“Nimekwisha, Bibi. Kesho nitawaambia nini? Mizizi gani hii isiyojua kiti ni nini?”

“Utawaambia ukweli. Na utakaa wima.”

“Na kama ukweli hautoshi?”

“Basi kazi haikuwa yako. Kula.”

Nimesema hivyo kwa ukali. Ndani yangu nimesali mpaka sasa.


Alhamisi, 6 Februari 2025

Niandike yote kabla hayajachuja!

Amerudi saa kumi jioni, akakaa jikoni bila kuvua koti, akaanza kusimulia. Nilikuwa nikimkatia keki.

Walikuwa watatu. Mwanamke mmoja mwenye miwani, kijana mmoja asiyesema, na mkubwa wao. Mwenye miwani akaanza: kwa nini Pittsburgh? Thea akasema yaliyo kwenye barua. Yule mama akamtazama. Akasema, binti yangu, kila mtu ana bibi mahali fulani. Mwaka juzi tulimchukua mmoja aliyekuwa na bibi wawili hapa. Sasa yuko Boston.

Thea anasema hapo alisikia moyo wake ukishuka kwenye soksi.

Ndipo mkubwa akauliza, kwa upole tu, amefika lini na ameuonaje mji.

“Jana. Nimeshakosana na mtaa mzima. Nimegusa kiti.”

Kijana asiyesema akainua kichwa.

“Ulikigusa,” mkubwa akauliza, “au ulikiondoa?”

“Nilikiondoa. Nikaegesha gari.”

“Mungu wangu,” akasema mwenye miwani. “Na bado uko hai?”

“Mwenye kiti alitaka kunimaliza. Lakini jioni ameniletea supu.”

Hapo wakacheka. Mkubwa akauliza ni mtaa gani huo wenye huruma kiasi hicho. Greenfield. Greenfield sehemu gani? Na Thea, bila kufikiri, akamwelekeza kama mimi ninavyomwelekeza siku zote: unapanda kilima, unakata kushoto pale palipokuwa na duka la viatu la Mihalik, unaendelea mpaka palipokuwa na shule ya masista; ukifika palipokuwa na benki, umepita, rudi.

Mkubwa akaweka kalamu chini.

“Duka la Mihalik lilifungwa kabla hujazaliwa.”

“Sikujua,” Thea akasema. “Sijui hata ni nini kipo pale sasa.”

“Wanauza simu.”

“Basi kumbe ndiyo sababu mimi hupotea.”

Akamwuliza bibi yake ni nani. Bi Hornyak, akasema. Na hapo, Thea anaapa, yule mzee alijiweka sawa tai yake!

“Bi Hornyak wa Kilatini?”

Leonard Tomko! Mkubwa wa mawakili ni Leonard Tomko! Safu ya nyuma, karibu na dirisha, mikono imejaa wino. Nilimpa D. Aliistahili. Aliwaambia wenzake palepale: huyu mama alinipa D, na akamwandikia baba yangu kwamba nina akili nzuri ambayo sijawahi kuisumbua. Mwenye miwani akasema, Leonard, hujabadilika.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Thea naye. Machozi! Sijacheka hivyo tangu mume wangu Stefan alipokuwa hai.

Kisha akamalizia. Anasema Tomko aliuliza, “Bado yupo?” Naye akajibu: “Yupo. Na nyumba ile hataiacha kamwe. Nikija, nitakaa naye.”

Kamwe.

Kisu kilikuwa ndani ya keki. Niliendelea kukata. Nilikata vipande vingi kuliko watu.

Sentensi yake haina kosa. Mtendaji yupo, kitenzi kipo, kielezi kiko mahali pake. Amesema anachokijua. Katika mji mzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kwamba si kweli, naye alikuwa akimwekea keki kwenye sahani.


Ijumaa, 7 Februari 2025

Ameondoka asubuhi. Dolores kampa mfuko wa biskuti, umeandikwa “Kwa Wakili wa Viti”. Wamekumbatiana!

Sikumwambia. Mdomo ulifunguka mara kadhaa. Nilimwahidi Myron, na ahadi ni ahadi. Lakini ahadi mbili zinapogongana, ni ipi inayopisha?

Mchana nimepanda chumba cha juu, kilichokuwa cha Myron. Nimefungua dirisha. Nimebadilisha shuka. Godoro bado zima. Mapazia yanahitaji oshwa —

Kuoshwa! Yanahitaji kuoshwa! Dolores ameniambukiza na mimi.


Jumanne, 18 Februari 2025

Wamemchukua!

“Bibi! Bibi! Bibi!” Ndiyo sentensi nzima. Haina kitenzi na ni sentensi bora kuliko zote nilizosikia katika maisha yangu. Tomko mwenyewe ndiye aliyempigia. Na jana alikuwa amepewa nafasi nyingine, kampuni ya Phoenix. Anatakiwa kuwajibu wote wawili Jumatatu.

Nilimwacha afurahi. Nilifurahi naye, kwa moyo wangu wote, hilo halina shaka. Halafu nikamwambia akae chini. Nikamweleza: Novemba, Pasaka, ngazi, barafu, baba yake. Niliivunja ahadi moja kwa kukusudia, na sijutii.

“Ulijua pale ulipokuwa unakata keki?”

“Nilijua.”

“Ukanyamaza.”

“Nilinyamaza.”

“Basi nimewadanganya.”

“Hukudanganya. Ulisema ulichokijua.”

“Lakini sasa najua,” akasema. “Nitampigia Bwana Tomko leo kabla sijamjibu chochote.”

Mtoto huyu! Nani alimfundisha hivi! Nilitaka kumwambia asubiri, afikiri, asiichome nafasi yake kwa mkono wake mwenyewe. Nikajiuma ulimi. Siwezi kumkataza mtu kusahihisha, mimi niliyekula mshahara kwa kusahihisha.

Nimempigia Myron kumweleza nilichofanya, kabla hajakisikia kwa mwingine. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Akasema tu: “Nitakuja Alhamisi, Mama. Dalali anakuja kuitazama nyumba. Nilikwisha kupanga naye tangu zamani.”


Jumatano, 19 Februari 2025

Thea amezungumza na Tomko. Nimemfanya anirudie neno kwa neno.

Tomko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: “Nafasi ni yako, Bi Hornyak awepo asiwepo. Tumekuchukua wewe. Mtu anayenipigia simu kujiharibia ndiye ninayetaka kumwachia wateja wangu.” Na akaongeza: “Mwambie mwalimu kwamba akili yangu siku hizi naisumbua.”

Nimekaa na hayo asubuhi nzima. D ni D. Lakini nimekaa nayo.

Kwa hiyo nafasi imesalimika! Ningeruka kama si magoti. Nikamwambia Thea, basi jibu leo, unangoja nini?

“Nakungoja wewe, Bibi.”

“Mimi sihusiki tena. Umesikia alichosema.”

“Kazi haikuhusu. Mimi je? Ukienda Phoenix nami nikaja Pittsburgh, nitakuwa nimekuja kwenye mji wa maduka yaliyofungwa. Nitakaa Phoenix, nile na wewe Jumapili, nitafanya sheria za mabwawa ya kuogelea. Ukibaki, nakuja.”

“Hiyo si namna ya kuchagua kazi!”

“Sikuombi ubaki. Usibaki kwa ajili yangu, nitajua, na sitakusamehe. Niambie tu unataka nini wewe.”

Watu wananiuliza magoti yangu yanataka nini. Daktari, Myron, padri. Hili la mimi ninataka nini, sikumbuki liliulizwa lini mara ya mwisho.

Nilimwambia nitamjibu. Kisha nikatoka nikanunua mapazia.


Alhamisi, 20 Februari 2025

Myron amefika tangu asubuhi. Amekonda. Amenikumbatia kama mtu anayepima mzigo.

Kabla ya kukaa alipanda na kushuka ngazi za nje, za ndani na za ghala la chini, akitikisa kila kishikio. Kimoja kikamng'okea mkononi. Akakishika juu nikione.

“Hicho ni skurubu tu,” nikasema.

“Mama, juu umeweka mapazia mapya.”

“Ya zamani yalichakaa.”

“Yalichakaa nikiwa sekondari.”

Nikamkaangia pirohi kwa kitunguu na siagi. Alikula kumi na kitu, kama alivyokuwa akila zamani akirudi mpirani. Halafu akafuta mdomo na kuniuliza swali la haki kabisa, nalo naliandika lilivyo: “Ukibaki, ukaanguka tena, Thea yuko ofisini mpaka usiku, nani atakuokota?”

Nikasema Dolores. Akasema Dolores ana meno tisa na mgongo wa kuazima. Kumbe Thea alimsimulia. Tukacheka wote wawili, tukaacha kucheka kwa pamoja.

“Sikutaki huko ili nikuchunge,” akasema. “Nakutaka huko kwa sababu nimekukosa. Miaka yote hii nakupigia simu unaniuliza kama nimekula. Nataka unione nikila.”

Hakuwahi kuniambia hivyo. Sijui kwa nini mtu husubiri mpaka dalali awe njiani.

Dalali amekuja. Binti mchangamfu, adabu njema, anasema nyumba yangu ina “haiba”, na ana kipimo cha utepe kinachorudi chenyewe kwa kishindo. Amepima sebule. Amepima jikoni, akasema harufu hii ya kitunguu ingefaa iuzwe pamoja na nyumba. Sasa yuko juu. Nasikia hatua zake. Naandika haya kwenye meza ya jikoni, Myron amekaa mbele yangu na kikombe chake, anajifanya hanioni ninaandika.

Simu iko hapa kando. Jumatatu iko karibu. Thea hajapiga, amesema hatapiga, asije akanisukuma.

Jambo la ajabu ni kwamba sina huzuni. Ningepaswa kuwa nayo. Moyo unanienda kama wa msichana aliyeitwa mbele ya darasa na anajua somo lake. Au anadhani analijua.

Binti ameita kutoka juu ya ngazi: “Hiki chumba chenye mapazia ya bluu ni cha nani? Niandike cha wageni?”

Myron ameweka kikombe chini, ananitazama mimi.

Nimemwambia binti asiandike kitu kwanza.

Nikishaamua, nitarudi kwenye ukurasa huu kabla ya kushika simu, nitaandika neno moja tu, nabaki au nahama, kwa wino, nisiweze kulifuta. Ameita tena. Myron amenyoosha mkono anishike. Nimemwambia akae. Napanda mwenyewe.